Chumba cha Nyuma cha Amplifaya

Kila alasiri, ukungu ukishaanza kuteremka mlimani, nyumba ya Yusuph na Maimuna pale Bigwa ilibaki na sauti moja tu: kwaru, kwaru, kwaru, utadhani kuku anaparura majani makavu nyuma ya choo. Mgeni angeuliza huyo kuku kapotelea wapi. Hakuwa kuku. Alikuwa Yusuph, ameketi kibarazani na gitaa lake la umeme mapajani, hedifoni nyeusi zimemkaba kichwa, na miguuni pake kisanduku chenye vitaa vya kijani na vyekundu. Gitaa la umeme lisipokuwa na amplifaya halisemi kitu, ni nyuzi tu zinakwaruzwa. Muziki wenyewe ulipita kwenye waya, ukaingia kisandukuni, ukapanda masikioni mwa Yusuph, na safari yake ikaishia huko. Maimuna, mkewe, aliyekuwa jikoni akichambua mchicha, aliambulia kwaru kwaru.

"Baba Mwaisha!" aliita. "Chai uletewe huko au unakuja?"

Kwaru, kwaru.

"Baba Mwaisha, nyumba inaungua!"

Kwaru.

"Haya. Tutaungua sote, na hilo gitaa lako."

Akarudi kwenye mchicha wake. Siku hizi alikuwa amejizoesha kujitegea vitendawili mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kama mtoto anayecheza bao upande huu na upande ule. "Kitendawili," alijiambia. "Tega," akajijibu. "Mume wangu hayuko safarini, na nyumbani hayupo. Yuko wapi?" Hapo akaosha mchicha.

Haikuwa hivyo zamani. Yusuph alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi, enzi zile ambazo Jumamosi mji mzima wa Morogoro ulinukia pafyumu na viatu vilivyopigwa dawa. Bendi ikaja ikatawanyika. Wenzake wengine wamezikwa, wengine wamehamia kwa watoto wao, na ngoma ziliuzwa. Yeye alibakiwa na gitaa na amplifaya, lidude zito lililovikwa ngozi nyeusi iliyochubuka pembeni, spika zake tumboni, na ndani yake valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu kama kaa la moto lililokaribia kuzimika. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, nyumba ikabaki na wao wawili na amplifaya ile. Kila alasiri Yusuph alipiga kibarazani, Maimuna akapika, na mazungumzo yao yakapita ukutani.

Maana Maimuna alipenda vitendawili tangu shule ya msingi, ambako ndiko elimu yake ilikoishia, na alivitega popote alipokuwa. Akiwa jikoni alipaza sauti, "Kitendawili!" na Yusuph, badala ya kusema "Tega," aligusa nyuzi mbili: ti-ri. Akishindwa kutegua, aliteremsha noti moja ndefu kutoka juu hadi chini, kama mtu anayeteleza kwenye tope la Mgeta, maana yake nimeshindwa, chukua mji.

"Nipe mji!"

"Nakupa Mzumbe!" Yusuph alijibu kwa mdomo sasa.

"Mzumbe niliukataa juzi. Nataka Dar yote na bandari yake."

"Chukua, ila foleni zake uchukue na wewe."

Ndivyo walivyoishi. Halafu panya wakaingia ndani ya amplifaya, wakatafuna walichotafuna, ikatoka harufu ya kuungua, na kimya kikashuka. Mafundi wa mjini wakatikisa vichwa. Mwaisha, binti yao wa Dar, akamhurumia baba yake, akamletea kile kisanduku. "Baba, humo ndani mna amplifaya zote za duniani," alisema. "Kinaziiga sauti zake. Unachagua tu, unavaa hedifoni, humsumbui mtu." Yusuph alikipokea kwa mikono miwili. Akavaa hedifoni, akaingia humo, na mpaka leo hajatoka.

Mwanzoni Maimuna alicheka. Baadaye akaona kwamba hata hedifoni zikiwa shingoni, mzee haitikii. Anaweza kuulizwa ugali au wali, akautazama mlima. Maimuna akajiambia, amezoea kutonijibu. Jambo hilo lilimuuma, na hakumweleza mtu. Angemwambia nani, na aanzie wapi? Kwamba mume wangu halewi, hapigi, hatembei nje, anashinda nyumbani kutwa nzima, na mimi nimemkumbuka? Wangemcheka mpaka sokoni.

Aliyeshika mwiba huo bila kujua alikuwa Castory. Castory alilima kabichi na njegere juu huko mlimani, na siku za soko alishuka na tenga lake begani, akapitia uani kwao. Yeye Mkatoliki na Yusuph Mwislamu, lakini koo zao ni watani tangu mababu. Watani wana ruhusa ya kutukanana hadharani, mchana kweupe, bila mtu kununa. Na mmoja akifa, mtani wake ndiye atakayekuwa mstari wa mbele msibani, akichekesha waliokuja kulia. Tusi la mtani si kosa. Kosa ni kulinunia.

"We Yusuph!" Castory alifoka kutoka njiani. "Hujafa tu? Jembe la kukuzikia nimelinoa mpaka limeisha makali!"

Yusuph, aliyemwona kwa macho, alinyoosha kidole kwenye hedifoni, kisha akapunga mkono kama anayefukuza mbu.

"Ala! Yaani nimeshuka mlima wote huu na tusi langu moto, anipungie mkono?" Castory akamgeukia Maimuna. "Shemeji, huyu tangu apewe hayo mapembe ya masikioni hanijibu. Natukana peke yangu kama kichaa. Mtoe humo."

"Nimtoe vipi? Lile lidude lake limekufa."

"Fidelis wa Mlali kalitazama?"

"Fidelis yupi?"

"Aliyekuwa akitengeneza vyombo vya bendi yao. Yupo bado, na kibanda chake cha redio kipo. Nitamwambia nikipita huko kwa dada yangu." Akamwekea kabichi mlangoni, akamtazama Yusuph kwa huruma ya mzaha. "Na wewe kaa hivyo hivyo. Ukifa nitakuzika na waya zako."

Fidelis alikuja Ijumaa, kama Maimuna alivyoomba, saa ambayo Yusuph alikuwa ameshaondoka na kanzu yake kwenda msikitini. Aliegesha pikipiki, akaamkia shikamoo, akaipindua amplifaya na kuifungua mgongo. Alichokonoa kwa muda mrefu. Maimuna alisimama pembeni na upawa mkononi, kama anangoja majibu ya mgonjwa.

"Mama, hii imekufa nusu," Fidelis alisema mwishowe.

"Nusu ipi tena? Tangu lini kitu kikafa nusu?"

"Hii kitu ni nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele ndicho kinachopokea sauti ya gitaa, ikiwa bado changa, kikaipa tabia yake: iwe kali, iwe nzito, iwe tamu. Humo ndimo panya walimofanyia harusi. Ubao umeungua, haufai. Chumba cha nyuma ndicho cha nguvu. Hizi valvu kubwa, na transfoma hii, kazi yake kuibeba ile sauti na kuisukuma spikani. Chumba hiki kizima kabisa. Kimekaa gizani muda wote huu kinangoja mtu wa kukiletea sauti."

Maimuna alikitazama kile kisanduku kilichokaa chini ya stuli ya Yusuph. "Na hicho?"

"Hicho ni chumba cha mbele kitupu. Kinajua tabia za amplifaya zote, ila kifua cha kusukuma spika hakina."

"Kitendawili," Maimuna alisema.

Fidelis akacheka. "Tega, mama."

"Mmoja ana mdomo hana kifua, mwenzake ana kifua hana mdomo. Wakioana, mtaa mzima unasikia."

"Basi ngoja tuwaoze."

Nyuma ya amplifaya palikuwa na tundu ambalo Yusuph hakuwahi kulitumia, njia ya kuingilia moja kwa moja chumba cha nguvu bila kupita mbele. Fidelis alitoa waya kwenye kisanduku, akauchomeka hapo. Akahakikisha waya wa spika umekaa sawasawa, akamwita Maimuna aje ashike kwa mkono wake mwenyewe. "Huu usichomoke kamwe ikiwa imewashwa, mama. Spika isipokuwepo, nguvu inakosa pa kwenda, inarudi ndani na kuichoma transfoma. Na swichi ni mbili. Hii inapasha valvu moto. Ngoja kidogo, ziive. Ndipo uguse hii ya pili, inayoiamsha. Kuzima, unaanza na ya pili. Sauti kubwa au ndogo, unaizungushia kwenye kisanduku."

Valvu zikawaka. Maimuna aliuona wekundu wake, akainama kuutazama. Fidelis akagusa uzi wa gitaa.

Sauti ilitoka, lakini sauti gani! Ilikuwa nzito, imeziba, kama mtu anasema na wewe amejifunika blanketi na mto juu yake.

"Ndiyo hii?" Maimuna aliuliza, uso umemwanguka.

Fidelis akajipiga paji la uso. "Mjinga mimi. Kisanduku hiki, mama, kinaiga mpaka spika, kwa sababu kimezoea hedifoni. Sasa sauti imepita kwenye spika ya kuigiza, halafu ikapita kwenye spika ya kweli. Mtu kavaa makoti mawili." Alibonyeza hapa na pale, akasoma kwenye kioo, akabonyeza tena. "Ile ya kuigiza nimeiondoa. Na nguvu ya kuigiza nimeiondoa pia, tunayo yetu."

Akagusa uzi uleule. Sauti ikatoka tupu, ya moto, ikaenda mpaka ukutani na kurudi, vikombe kabatini vikagongana, na bati juu likaitika. Maimuna alikaa chini kwenye mkeka bila kupanga kukaa.

Fidelis alikula wali wa Ijumaa, akafungashiwa ndizi, akaondoka.

Yusuph aliporudi alisimama ngazini, kofia mkononi. Aliuona waya mpya. Aliuona wekundu wa valvu nyuma ya wavu. Kisha macho yake yakaenda kwenye msumari ambao siku zote hedifoni zilining'inia, na msumari ulikuwa mtupu.

"Hedifoni zangu ziko wapi?" aliuliza kwa sauti ya juu.

Maimuna alikuwa ameziweka kabatini chumbani, chini ya kanga. Alitegemea hasira na alikuwa amejiandalia maneno ya kuipoza. Lakini kilichokuwa usoni mwa Yusuph hakikuwa hasira. Ilikuwa hofu, ya mtu aliyefunuliwa shuka usingizini.

"Zimepumzika," alisema, akamshika mkono, akamvuta taratibu hadi kwenye gitaa. "Piga, Baba Mwaisha. Nipigie leo tu."

Yusuph aliweka kiganja juu ya amplifaya, akakiacha pale, kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu akaivuta stuli. Hakuiweka mbele, pale alipozoea kukaa zamani akiitazama barabara. Aliisogeza mpaka mgongo wake ukagusa kitambaa cha spika, akaegemea. Maimuna aliona, akasema moyoni, mgongo unamsumbua, uzee huo.

Akapiga.

Ulikuwa wimbo wa bendi yao, ule wa kufungulia dansi, usio na maneno. Vidole vilijikwaa mwanzoni, vikasimama, vikaenda. Noti zilitoka nene, zimevunjika kidogo pembeni kama kingo za andazi, na Maimuna akarudi jikoni upesi maana hakutaka aonekane analia. Akawasha jiko. Akakatakata vitunguu ili machozi yapate kisingizio. Jirani yao Halidi alisimama barabarani na baiskeli, watoto wakakusanyika kwenye michongoma, na mwanamke mmoja akapita na ndoo kichwani akitikisa mabega kidogo tu, kwa adabu.

"Hapo umekimbia!" Maimuna alipaza sauti kutoka jikoni kama zamani. "Rudi nyuma, umeuruka mto!"

Hakujibiwa, na hakujali. Mtu akiwa katikati ya wimbo atajibuje? Alikuwa na mume nyumbani.

Ndipo Castory alipotokea, amesikia tokea kule juu, karibu akimbie. Alisimama katikati ya uwanja akangoja wimbo uishe. Ulipoisha, akapandisha pumzi.

"Nani anachinja mbuzi kwa waya hapa?" alifoka. "Yusuph! Vidole vyako ni mizizi ya muhogo uliooza! Hata nguruwe wa mlimani wanaukataa!"

Watu wakacheka, wakamgeukia Yusuph, wakingoja. Hiyo ndiyo raha yenyewe. Tusi limeshatupwa, sasa litarudishwa likiwa na mkia.

Yusuph aliinamisha kichwa kwa heshima, mkono kifuani. "Asante," alisema. "Asante sana."

Kicheko kikayumba. Castory alikunja uso, akasogea, akadhani ni mtego. "Asante? Nasema kaburi lako nitalichimba fupi, miguu ibaki nje, tuitundikie nguo!"

"Karibu," Yusuph alisema, anatabasamu. "Karibu sana, ukae."

Hakuna aliyecheka sasa. Wote waliokuwepo walijua maana yake. Mtani akikujibu kwa adabu, amekufungia mlango. Castory alilishusha tenga lake chini. Hedifoni hazikuwepo leo za kusingizia, masikio ya mzee yalikuwa peupe.

"Kumbe umeninunia," alisema kwa sauti ndogo. "Umenivua utani mbele za watu. Mimi nimefanya nini, Yusuph?" Alimtazama Maimuna, akatazama chini. "Haya. Basi. Samahani, mzee wangu." Neno hilo, samahani, kutoka kwake kwenda kwa Yusuph, lilikuwa baya kuliko matusi yake yote. Akabeba tenga na kuondoka, na waliokuwa kwenye michongoma wakaondoka mmoja mmoja.

Yusuph alikuwa anapangusa nyuzi kwa kitambaa, bado anatabasamu.

Maimuna alisimama mlangoni mwa jikoni, nyuma yake. Kitu kilikuwa kinampanda miguuni, kinakuja juu taratibu. Gitaa lilikuwa kimya. Barabara ilikuwa kimya.

"Kitendawili," alisema.

Yusuph alipangusa uzi wa juu.

"Kitendawili!" Alipaza.

Akapangusa uzi wa pili.

"Yusuph. Yusuph, mume wangu." Alikuwa ameshafika karibu kiasi cha kunusa udi wa kanzu yake. Akanyanyua mkono na kuipiga amplifaya kwa kiganja, pa! Yusuph alishtuka kwa mgongo, akageuka. Akamwona uso, na yale yaliyokuwa usoni mwake akayasoma yote.

Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye migomba.

"Tangu lini?" Maimuna aliuliza, na akaona macho ya mumewe yakishuka kwenye midomo yake kuokota neno.

"Si kwa siku moja," Yusuph alisema. Alisema kwa nguvu, kama mtu wa ng'ambo ya mto. "Zilianza kuondoka sauti za watoto. Halafu adhana. Huwa nangoja Halidi apite na kanzu ndipo ninyanyuke, hujaona? Hospitali nilikwenda, siku ile niliyokwambia nakwenda kutafuta nyuzi mjini. Wakasema ni uzee, na makelele ya miaka yote ya bendi. Gitaa nalisikia bado, nikilifungulia mpaka mwisho na kulimimina humu masikioni. Watu siwasikii. Sauti yako ndiyo iliyochelewa kuondoka."

Maimuna alikaa chini mbele yake.

"Nikiwa na hedifoni," Yusuph aliendelea, "mtu akiita nisipoitika, anasema mzee yuko kwenye muziki wake. Nikizivua, atasema nini? Mpiga gitaa kiziwi. Watakuja kunisemesha kama mtoto mchanga, wananikazia mimacho."

"Ungeniambia mimi."

"Eh?"

Maimuna alifumbua mdomo alirudie neno lile, akaona ni refu mno kulibeba mara ya pili. Akatikisa kichwa, si kitu.

"Castory alisema nini?" Yusuph aliuliza. "Mbona watu wameondoka?"

Ikabidi Maimuna, mwanamke aliyelelewa vizuri, amkazie mumewe macho na kumtamkia tusi moja moja, taratibu, kwa kuumba midomo. Muhogo. Uliooza. Nguruwe. Kaburi fupi. Miguu, nguo. Yusuph alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha.

"Na mimi nikamjibu nini?"

"Asante."

Alilisoma neno hilo mdomoni mwake. Akaliweka gitaa chini.

"Nimfuate nimwambie?" Maimuna alionyesha njia ya mlimani.

"Usimwambie." Alimshika kiwiko. "Usimwambie mtu, Mama Mwaisha. Nakuomba."

Hakumwambia mtu. Siku zile zilizofuata ndizo alizojua kwamba upweke una chumba kingine ndani zaidi. Zamani aliamini mumewe hamjibu kwa sababu hataki. Sasa alijua hawezi, na hata hasira iliyokuwa ikimshughulisha jikoni hakuwa nayo tena. Walijaribu. Aliketi mbele yake wakati wa kula akaumba maneno, na Yusuph akaokota nusu, na nusu nyingine akaijaza kwa kubahatisha, wakachoka wote wawili kabla ya chai kupoa. Vitendawili havikuwezekana, kwa sababu kitendawili hakitegwi kwa kumkazia mtu macho. Ila alasiri Yusuph akipiga, Maimuna alikuja akaketi upande wa pili wa stuli, naye akaegemeza mgongo wake kwenye spika. Hapo alielewa kwa nini mzee aliivuta stuli ile. Noti za chini ziliingia kwenye mbavu, zikatembea, zile za juu zikakwaruza kidogo chini ya ngozi. Walikaa hivyo, migongo imepakana na lidude lile, kila mmoja anatazama upande wake.

Castory hakupita tena uani. Siku ya soko Maimuna alimwona ng'ambo, anashuka kwa kijia cha mtoni, kile chenye utelezi na kinachozunguka mbali, tenga begani na uso ameuelekeza kwingine. Yusuph naye alimwona. Alisimamisha wimbo, akamfuata kwa macho mpaka migomba ikamficha. Usiku wa siku hiyo hakula.

Soko lililofuata alikuwa anapiga, Maimuna yuko uani anaanua nguo, Castory akatokeza tena kwenye kile kijia cha mtoni. Yusuph akasimama. Akaliegemeza gitaa kwenye amplifaya, hakupunguza kitu, hakuzima kitu, akateremka ngazi bila viatu na kukata uwanja. Mzee wa watu alikimbia! Alipita kwenye matuta ya viazi ya Halidi akipunga mikono, na Castory kule ng'ambo akasimama, akaweka tenga chini.

Gitaa likiachwa wazi mbele ya spika hulia lenyewe. Sauti ya spika inatikisa nyuzi, nyuzi zinairudishia spika, spika inazidisha. Lilianza kuvuma, likanguruma, likapanda mpaka vikombe vikaanza kutembea kabatini. Maimuna alibaki na kanga mkononi. Aliwaona wale wazee wawili wamesimama kijiani. Aliuona mdomo wa Yusuph ukienda. Alimwona akishika sikio lake la kulia, kisha la kushoto, kisha anafungua viganja vyote viwili, vitupu. Aliona Castory akiweka mikono kichwani. Midomo ikaenda tena, ya huyu, ya yule. Neno hata moja halikumfikia. Ngurumo ya gitaa ilikuwa imejaa kila mahali, na yeye amesimama katikati yake anatazama midomo.

Ilimchukua Yusuph muda gani kumwambia? Pumzi moja, labda. Kile alichomficha mkewe aliyelala naye, amemtolea mtani wake, akiwa peku, kando ya matuta ya viazi.

Maimuna akapanda kibarazani, akakirudisha nyuma kitufe cha sauti cha kisanduku mpaka mwisho. Ngurumo ikafa. Na papo hapo, kutoka kijiani, sauti ya Castory ikamfikia safi kabisa. Alikuwa amemshika Yusuph mashavu kwa mikono yake miwili yenye udongo, anamfokea usoni, pua kwa pua, neno moja moja:

"Masikio! Yenyewe! Yalikuwa! Mabaya! Afadhali! Yameharibika!"

"Lete jingine!" Yusuph alipiga kelele. "Hilo nimelipata! Nitukane hapa hapa usoni, nikuone mdomo! Meno yenyewe unayo matatu, nitakusoma upesi!"

Castory alikuwa anacheka na machozi yanamteremka, na hakuyafuta. Wakaanza kupanda pamoja, Yusuph amelishika tenga upande mmoja, wakisimama kila hatua chache ili watukanane ana kwa ana.

Maimuna alizima swichi ya pili, kisha ya kwanza. Wekundu ndani ya valvu ulififia polepole, ukabaki uzi mwembamba, ukapotea.

"Mama Mwaisha!" Yusuph aliita kutoka uwanjani, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Lete kiti cha mtani! Kile kibovu!"

"Naleta," Maimuna alijibu. Alijibu kwa mazoea tu, uso ukiwa ukutani, akijua jibu limeishia hewani. Akaingia ndani kuchukua kiti.